Dar hadi Mbeya kwa pikipiki za spoti: mwongozo kamili wa safari ya kundi

Pikipiki ya spoti imeundwa kwa dakika ishirini za uwanja wa mashindano. Usukani uko chini, magoti yamekunjwa, tenki ni dogo na shokapu ni ngumu. Hata hivyo Yamaha R6, Honda CBR600RR, Suzuki GSX-R, Kawasaki ZX-6R na wakubwa wao wa cc 1000 wanaweza kufika Mbeya na kurudi bila kero, mradi safari ipangwe kwa kuzingatia udhaifu wa pikipiki hizi badala ya nguvu zake. Injini ni ya mwisho kuleta shida. Kinachovunja safari ni mafuta kuisha, tairi, viganja vya mikono, na pupa ya kumfukuzia mwenzako aliyekwisha kulipita lori.

Tumechukua barabara kuu ya TANZAM (Tanzania–Zambia) kama mfano kwa sababu ina kila kitu ndani ya siku mbili: foleni ya jiji, malori ya Zambia na Kongo, hifadhi ya wanyama, mlima mkali, joto la bonde na baridi ya nyanda za juu. Anayeiweza hii ataziweza nyingine za lami nchini.

Vipande vya njia na hesabu ya mafuta

Dar es Salaam hadi Mbeya ni takriban kilomita 830. Gawanyeni mara mbili: siku ya kwanza mlale Iringa (kilomita 500 hivi), ya pili mmalizie Mbeya. Wapo wanaoimaliza kwa siku moja. Tatizo ni kwamba mtu aliyechoka huingia kipande cha Makambako hadi Uyole giza likianza, malori yakiwa mengi na mengine hayana taa za nyuma. Hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei huleta mvua za kutwa, na dizeli iliyomwagika kwenye lami yenye maji huteleza kuliko chochote mtakachokutana nacho njiani.

Msikutane mjini. Kila mtu ajitoe Dar mwenyewe na kufika Kibaha kabla ya saa 12 asubuhi, akiwa ameshajaza tenki na kupima upepo nyumbani. Kundi zima likijaribu kutoka pamoja kupitia Ubungo na Kimara hukatwa na taa mara tatu, na injini hupata joto bure. Mwanga ukishatosha, muongozaji atoe maelezo ya dakika tano, mwondoke.

Vituo vya mafuta vikae hivi: Kibaha hadi Morogoro kama kilomita 155, Morogoro hadi Mikumi mjini 120, Mikumi hadi Iringa 190, Iringa hadi Makambako 160, Makambako hadi Mbeya 170. Sasa fanyeni hesabu kwa pikipiki inayokula zaidi na yenye tenki dogo zaidi. Chukua ujazo wa tenki, toa lita 3 za akiba, gawa kwa ulaji wa kilomita 100, kisha zidisha kwa 100. Cc 600 yenye tenki la lita 17 ikiendeshwa kwa utulivu hula kama lita 6.5, kwa hiyo 14 ÷ 6.5 × 100 ni kilomita 215. Mwenye pikipiki hiyo hiyo akivuta mafuta kila akitoka nyuma ya lori atafika lita 8, na hapo masafa yanashuka hadi 175. Hayamtoshi tena kwa kipande cha Mikumi–Iringa, nacho kina mlima wa Kitonga. Huyo aongeze mafuta njiani, Ruaha Mbuyuni au Ilula, na kundi zima lisimame naye.

Sheria ni moja: kila kituo kilichopangwa, wote wanajaza, hata aliyebakiza nusu tenki. Asiyejaza leo kwa kuwa "bado yapo" ndiye atakayewasimamisha wote kilomita 60 mbele. Muda wa safari hupotelea kituoni zaidi ya barabarani. Pikipiki nane kwenye pampu moja, dakika tatu kila moja, ni dakika 24. Zigaweni pampu mbili, mtu mmoja awe na mfuko wa pesa ya mafuta iliyochangwa mapema, na alipe kwa pamoja. Mtapata dakika kumi za kunyoosha migongo.

Wiki mbili kabla

Anza na matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2321 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Pikipiki nyingi za spoti huingia nchini zimetumika, na tairi linaweza kuwa na kashata (meno ya kukanyagia) nzuri huku mpira umeshakuwa mkavu kwa umri. Lililopita miaka sita libadilishwe, hata kama linang'aa. Kwa safari ya kwenda na kurudi, kilomita 1,660 bila mizunguko ya mjini, ondoka ukiwa na kina cha milimita 3 katikati ya tairi la nyuma. Tairi laini la uwanjani huisha katikati upesi kwenye barabara iliyonyooka na kuwa bapa, na ukifika kwenye kona pikipiki hukataa kulala, kisha inalala ghafla. Kama unanunua jipya, chukua aina ya safari ndefu yenye mpira mgumu katikati na laini pembeni. Vipimo vya kawaida ni 120/70 ZR17 mbele na 180/55 ZR17 nyuma. Nyingi za cc 1000 zinatumia 190.

Upepo: nyingi ya pikipiki hizi zinataka psi 36 mbele na 42 nyuma, tairi likiwa baridi. Soma kibandiko kilichopo kwenye mkono wa gurudumu la nyuma, maana ndicho chenye neno la mwisho. Usipunguze upepo adhuhuri baada ya kuona kipimo kimepanda. Kimepanda kwa joto, kama ilivyotakiwa, na ukipunguza utabaki na tairi legevu kesho asubuhi.

Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi laini, ikaushwe, ipakwe mafuta yake ya cheni upande wa ndani. Ulegevu wa kawaida ni kati ya milimita 25 na 40, lakini hapa pia kibandiko ndicho kinachoamua. Pima ukiwa umezungusha gurudumu sehemu kadhaa. Cheni ikikaza upande mmoja na kulegea mwingine imekwisha, na kuikaza ni kujidanganya. Ukibeba mzigo mkia unashuka na cheni inakaza, kwa hiyo ni afadhali iwe upande wa kulegea kidogo. Cheni iliyokazwa mno huharibu beringi ya shafti ya gia, na hiyo si kazi ya gereji ya njiani.

Badili oili na filta. Oili iwe ya pikipiki yenye alama JASO MA au MA2, kwa kawaida 10W-40. Oili ya gari yenye viongezi vya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze, na utagundua hilo ukipanda Kitonga: injini inapiga kelele, spidi haiongezeki. Mafuta ya breki ya DOT 4 yenye zaidi ya miaka miwili yamwagwe, kwa sababu yamenyonya maji na yatachemka kwenye mteremko. Pedi za breki zikibaki chini ya milimita 2, weka mpya.

Kipimo ambacho wengi wanakiruka ni cha kuchaji. Chukua mita ya umeme, iweke kwenye vichwa vya betri, injini ikiwa mizunguko 5,000 kwa dakika. Inatakiwa isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikiwa chini ya 13 betri haijazwi. Ikizidi 15 inachemshwa. Vyote viwili mara nyingi ni kifaa cha kudhibiti chaji, ambacho pikipiki za spoti hukichosha kwa joto kwa kuwa kimefichwa ndani ya makava bila hewa. Pikipiki yenye ugonjwa huu hufika Morogoro vizuri, ikazimwa, isiwake tena.

Baada ya kazi zote, endesha kilomita 150 na mzigo wako wote. Hitilafu za fundi hujitokeza ndani ya safari hiyo fupi: bolti isiyokazwa, oili inayovuja kwenye filta, mkoba unaogusa tairi.

Mzigo

Kilo kumi zinatosha kwa siku nne. Begi la mkiani lifungwe kwa mikanda minne inayoshika fremu, si makava, na vitu vizito vikae karibu na mgongo wako. Uzito ukirudi nyuma sana mbele panakuwa pepesi, na usukani huanza kutetemeka ukipita mita chache nyuma ya basi. Kaza springi ya shokapu ya nyuma mzunguko mmoja au miwili, kisha teremsha taa ya mbele ili usiwapofushe wanaokuja.

Angalia ekzosi. CBR600RR za miaka mingi na R1 za 2004 hadi 2014 zina bomba linalotokea chini ya siti. Begi la nailoni likilala juu yake huyeyuka bila harufu kukufikia, kwa sababu upepo unaipeleka kwa mwenzako wa nyuma. Weka bamba la kuzuia joto au nyanyua begi, na mwambie wa nyuma yako aangalie.

Begi la juu ya tenki ni zuri kuliko linavyoonekana: ukilijaza nguo laini, unaliegemea kwa kifua kwenye barabara iliyonyooka na viganja vinapumzika. Sumaku hazishiki tenki la alumini wala kava la plastiki. Hapo tumia la mikanda. Chini yake weka kitambaa safi, maana vumbi likikaa katikati hukwangua rangi kama msasa.

Vifaa vya kundi vigawanywe ili wote wasibebe kitu kilekile. Mmoja abebe vya pancha na kompresa ndogo ya volti 12. Mwingine lita moja ya oili na maji ya rejeta. Mwingine fyuzi za ampea 10, 15, 20 na 30, nyaya, utepe wa umeme, vifungo vya plastiki na gundi ya chuma ya mirija miwili, ambayo huziba kava la injini lililopasuka kwa kuanguka. Kila mtu abebe waya wake wa klachi, mkono mmoja wa klachi, na spana inayoingia kwenye nati ya ekseli yake ya nyuma. Nati hiyo ni kubwa, na usitegemee kuazima gereji ya bodaboda.

Watu

Kundi zuri ni la watu watano hadi saba. Mkifika kumi, vunjeni makundi mawili yanayoachana dakika kumi na kukutana vituoni.

Muongozaji awe mtu anayeijua njia na mwenye subira. Mwenye pikipiki kali kuliko wote mara nyingi hafai. Nyuma yake akae mgeni au mwenye pikipiki ndogo, kwa sababu huyo ndiye anayeamua spidi ya kundi. Mkimweka nyuma atakuwa anakimbia siku nzima kuziba pengo: kundi likienda 90, wa mwisho analazimika kwenda 120 kila baada ya kupita lori. Anayefunga msafara awe mzoefu, mwenye simu yenye chaji na sanduku la huduma ya kwanza. Yeye hampiti mtu yeyote. Akisimama mmoja, yeye anasimama naye. Wengine wanaendelea hadi mahali salama, si pale pale barabarani.

Penye makutano tumieni mtindo wa kuacha mtu. Njia inapochepuka, mfano Makambako inakotokea barabara ya Njombe na Songea, wa pili anasimama pembeni pahala panapoonekana na kuelekeza, mpaka wa kufunga msafara afike. Hapo hakuna anayehitaji kumuona aliye mbele yake ili asipotee, na haraka yote ya bure inakufa.

Kila mmoja awe na leseni ya daraja la pikipiki, kadi ya pikipiki na bima hai, vyote mfuko wa juu. Akisimamishwa mmoja na trafiki, wote msijazane pale. Wa kufunga msafara abaki naye. Kwenye makazi mwisho ni 50, na tochi (kipima spidi cha trafiki) hukaa hasa mahali kibao cha 50 kinapoanza na unapodhani kijiji kimekwisha.

Kukaa barabarani na kuyapita malori

Kwa kuwa tunaendesha kushoto, muongozaji anashika theluthi ya kulia ya njia yake, wa pili theluthi ya kushoto, wa tatu kulia, hivyo hivyo. Sekunde mbili kati yako na aliye mbele kwenye mstari wako, sekunde moja na aliye mshazari. Kwenye kona, lami mbovu, daraja au mvua, ingieni mstari mmoja na kila pengo liwe sekunde mbili au zaidi. Msiende sambamba kamwe. Mtu akikwepa shimo anahitaji upana wote wa njia.

Kupita lori kuna hatua zake. Hapa ndipo makundi yanapopoteza watu, kwa hiyo someni taratibu.

Muongozaji akikuta lori anarudi nyuma yake kiasi cha kuona ubavu wake wote wa kulia, kama mita 20 hadi 30. Aliyeganda mkiani mwa tela haoni kitu. Cc 600 haina nguvu ya maana chini ya mizunguko 6,000, basi anashuka gia mbili *kabla* ya kutoka, si akiwa tayari upande wa pili. Anatazama mbele, kioo, bega la kulia, anatoka, anapita, anarudi kushoto, na anaendelea kuvuta hadi mita 150 mbele ya lori. Akirudi njiani na kuachia mafuta palepale, wa pili hana pa kuingia.

Wa pili sasa anasogea pale alipokuwa muongozaji, na *anaanza upya*: anatazama mwenyewe, anaamua mwenyewe. Mkono wa muongozaji unaosema "njoo" haupo katika utaratibu huu. Barabara iliyokuwa wazi sekunde tatu zilizopita si yako. Taa ya lori vilevile. Dereva akiwasha indiketa ya kushoto kwa kawaida anakuruhusu, ya kulia anakuzuia. Ichukue kama habari tu, macho yako ndiyo yaamue. Lori na tela lake linafika mita 18 hadi 22, na mara nyingi mbele yake kuna jingine limeshikana nalo.

Mabasi yanayokuja yakilipita lori upande wao hutanua hadi njia yako, yakijua pikipiki itakaa pembeni. Ukiona taa zinawaka mfululizo, toka kwenye theluthi ya kulia mapema, achia mafuta, sogea kushoto ukiwa na spidi ya kuweza kushuka pembeni. Chunga kingo za lami: kwingine zina ngazi ya sentimita kumi, na tairi la mbele likishuka taratibu kwa mshazari mdogo halirudi juu. Basi likipita, upepo wake unakusukuma nje kisha unakuvuta ndani. Bana tenki kwa magoti, legeza mikono.

Matawi ya miti yaliyolazwa kwenye lami yanamaanisha lori limeharibika mbele, mara nyingi nyuma ya kona. Ukiyaona punguza na uonyeshe nyuma kwa mkono.

Matuta na rasta ni adha kubwa kwa pikipiki iliyo na milimita 130 hivi tu kutoka chini. Funga breki *kabla* ya tuta, kisha iachie kabisa tairi la mbele likigusa, ili shokapu za mbele zijinyooshe na kunyanyua tumbo. Nyanyuka kidogo kwenye siti, vuta mafuta kidogo mno, pita ukiwa umenyooka. Anayepanda tuta huku ameshika breki ndiye anayekwangua ekzosi.

Kwenye miinuko lami imekunjwa na malori hadi kuwa na mifereji miwili. Chagua mmoja ukae humo. Ukihama, hama kwa pembe iliyo wazi. Ukiteleza juu ya kingo ya mfereji kwa mshazari mwembamba, tairi pana la nyuma hucheza.

Mikumi, bonde na Kitonga

Barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Mwisho wa spidi mchana ni 70, na kugonga mnyama kuna faini inayokwenda kwa aina yake. Nyie hamna bodi, kwa hiyo faini ndiyo iwe wasiwasi wa pili. Pitieni asubuhi baada ya jua kupanda, pengo la sekunde tatu. Swala mmoja akivuka, mtarajie wa pili na wa tatu. Tembo akiwa karibu na lami simameni mbali, injini zikiwaka, bila honi, mgeuke kama atasogea. Msisimame kula wala kupiga picha. Nyani wanaijua mifuko ya plastiki.

Mikumi mjini ndipo pa kula. Kuleni chepesi, wali na sahani ya maharage inatosha. Nyama nyingi kabla ya joto la Ruaha Mbuyuni inaleta usingizi. Bonde hilo la mibuyu na vitunguu ndilo joto kuliko kote njiani. Kila mtu awe amekunywa lita moja ya maji kabla ya kulifikia, na vidonge vya chumvi ya maji viwe mfukoni. Simameni kila dakika 90, hata kama hakuna aliyechoka. Viganja vikifa ganzi unaegemea mikono: kaza tumbo, bana tenki kwa magoti, na ujaribu kupunga viwiko ukiwa mwendoni. Visipopungika, umebeba mwili kwa mikono.

Kisha Kitonga. Ni mlima mkali wenye kona za kufuatana, malori yakipanda kwa mwendo wa mguu. Acheni mita 30 nyuma ya lori, gia ya kwanza au ya pili, klachi ikiwa imeachiwa yote. Anayesukuma pikipiki kwa nusu klachi nyuma ya bomba la lori ataichoma ndani ya dakika chache. Feni huwaka kama nyuzi 100 hadi 105. Hiyo ni kawaida. Ikipita 115 tafuta upana wa kusimama, zima, na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe. Ukisikia harufu ya dizeli, punguza: tenki lililojazwa hadi mdomoni humwagika kwenye kona za kupanda, na doa hilo liko katikati ya mfereji wako. Hakuna kupita kwenye kona, hata lori liwe linatambaa.

Wakati wa kurudi mnaushuka. Gia ya pili au ya tatu, kamwe si nyutro. Shika breki kwa nguvu kwa muda mfupi, iachie ipoe, shika tena. Mkono wa breki ukianza kulainika na kukaribia usukani, mafuta ya breki yamechemka: tumia gia na breki ya nyuma, simama, subiri nusu saa.

Kuanzia Ilula hewa inabadilika. Iringa, Mafinga na Makambako Juni na Julai ni baridi kweli, na kwa kilomita 90 kwa saa inapenya jaketi la matundu kana kwamba hukuvaa. Vaa fulana ya mikono mirefu na koti la mvua juu. Gazeti kifuani bado linafanya kazi. Makambako kuna upepo wa ubavuni: inama, legeza mikono, ongeza pengo. Baadaye mnateremka tena kwenye joto la Usangu, Chimala na Igurusi. Zile kona 57 za kutoka Chimala kwenda Matamba zinavutia kwa picha, lakini waachieni wenye pikipiki za vumbi.

Pancha ya tairi la nyuma

Matairi haya hayana mpira wa ndani. Fundi wa bodaboda ni stadi wa tairi lake, ila akilitoa la 180 kwenye rimu kwa vyuma atakwangua alumini na hatakuwa na upepo wa kulirudisha. Zibeni wenyewe, tairi likiwa mahali pake.

Sukuma pikipiki hadi msumari uwe juu nyuma. Uzungushie chaki. Utoe kwa koleo na uangalie umeingia kwa pembe gani. Ingiza kipekecho kwa pembe hiyo hiyo, zungusha mara kumi hadi tundu liwe safi. Pitisha utambi wenye gundi kwenye sindano, usukume mpaka zibaki sentimita 2 nje, kisha chomoa sindano kwa mkupuo mmoja. Kata utambi, acha milimita 4. Jaza hadi 42, paka mate au maji ya sabuni, tazama mapovu. Mitungi midogo ya gesi ya gramu 16 inahitajika mitatu au minne kufikisha tairi hilo upepo wa kutembelea, ndiyo maana kompresa ni bora.

Njia hii ni ya tundu dogo kwenye sehemu inayokanyaga. Ubavu ukichanika hauzibiki. Tafuteni gari la kubeba. Tairi lililozibwa liende 80 mwisho, lipimwe upepo baada ya kilomita 10 na kila kituo, na lipigwe kiraka cha ndani mjini.

Mtu akianguka

Wa kwanza kufika azuie barabara mita 100 kila upande, kwa matawi na mtu mwenye kitambaa. Msimvue helmeti anayepumua. Piga 112, na wakati huo huo tafuta gari, kwa sababu gari la wagonjwa linaweza kuchelewa. Hospitali zilizo kwenye njia au karibu nayo ni ya rufaa ya mkoa Morogoro, St. Kizito Mikumi, Ilula, ya rufaa Iringa, Mafinga, Ilembula, Misheni ya Chimala, na ya rufaa ya kanda Mbeya. Andikeni hii kwenye karatasi, pamoja na kundi la damu na namba ya ndugu ya kila mmoja, nakala kwa muongozaji na kwa anayefunga msafara. Simu huvunjika pamoja na mwenyewe.

Jioni mkifika

Kabla ya kuoga, cheni ipakwe mafuta ikiwa bado ya moto, maana ndipo yanapenya. Asubuhi yatakuwa yameshika na hayatarushwa kwenye rimu. Pitisha kiganja kwenye matairi kutafuta msumari, tazama oili kwenye dirisha lake pikipiki ikiwa imenyooka, gusa bolti za mkia na mikanda. Safisha kioo cha helmeti kwa kitambaa chenye maji, ukiache dakika tano wadudu walainike, usikisugue kikavu. Upepo wa matairi usiupime sasa. Pima saa 11 alfajiri, yakiwa ya baridi.